Mama Alivyopepeta Mbegu za Muzungu

Kwetu, mutu hapewi mbegu zenye takataka. Ukimupa mutu mbegu za kupanda ukaacha ndani maganda na vumbi, umemutukana, tena si yeye peke yake, umetukana na mama aliyemuzaa. Kwa hiyo mwanamuke wa milima ya Masisi alijulikana kwa lungo lake la kupepetea. Wakitaka kumusifu hawakusema ni muzuri, wala hawakusema anapika vizuri. Walisema, "Yule, mbegu zake unaweza kuzimimina juu ya kitambaa cheupe." Mama yangu alikuwa wa kwanza kati ya hao, na nasema hivyo bila haya, maana wote waliokuwa wakibishana naye wamekwisha kufa, sina wa kunijibu.

Nataka kueleza jinsi lungo lile lilivyotuponza. Wajukuu zangu wakisikia habari hii wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi sicheki. Nilikuwepo, tena nilikuwa na akili zangu timamu, musichana wa miaka kumi na saba, na nilifunga kinywa wakati ambapo nilipaswa kukifungua.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala. Tulikuwa tumeshuka kutoka Masisi, kwa sababu kilima chetu kilipewa muzungu wa kulima pareto. Hatukuulizwa. Tuliambiwa tu siku ya kuondoka. Ng'ombe wetu wawili tuliwaacha kwa mujomba, nasi tukaja mpaka Munigi, hapo juu ya Goma, ambapo rafiki ya papa, baba yangu, alituonyesha pa kujenga. Pa kujenga palikuwepo, kweli. Pa kulima ndipo hapakuwepo. Kulikuwa na mawe ya volkano tu, meusi, yamekunjamana, yanakata viatu, na sisi hata viatu hatukuwa navyo. Wenyeji walikuwa na vipande vyao vya udongo kati ya mawe, kimoja hapa kimoja kule, na hakuna aliyekuwa mujinga wa kukigawa.

Mama alishuka na kibuyu kimoja ambacho hakikumutoka mukononi njia nzima. Ndani, katikati ya majivu, kulikuwa na maharagi yake. Yalikuwa makubwa, meupe, yenye madoa mekundu, haragi moja linajaza ncha ya kidole gumba. Alipewa na mama yake siku ya kuolewa, na mama yake alipewa na wake, na huko nyuma zaidi sijui. Dada yake aliyekuwa na maharagi hayo hayo alifukuzwa kilimani kama sisi, na njaa ilimulazimisha kuyapika. Yaliyobaki yote yalikuwa ndani ya kibuyu kile.

Musimu wa kwanza mama alipanda konzi mbili kwenye nyufa za mawe nyuma ya jiko. Ee, yaliota vizuri! Yalipanda juu, majani mapana, mama akatembea kifua mbele siku kumi. Kisha yakawa manjano yote pamoja, yakalala. Alichimbua shina moja akakuta muzizi umefika kwenye jiwe, umejipinda, umerudi juu. Haragi lilikuwa limekula akiba iliyo ndani yake tu, na ilipokwisha, kwisha. Mama hakulia. Aliziba kibuyu kwa jani la mugomba, akasema, "Hayapandwi tena hapa. Ni kuyaua."

Lakini maharagi hayakai milele. Kila musimu mama alichukua kumi na mawili, akayafunga ndani ya kitambaa chenye maji, akangoja kuona mangapi yataota. Mwaka tulipofika yaliota kumi na moja. Mwaka uliofuata yaliota manane. "Yananizeekea mukononi," alisema. Tangu hapo kila mutu nyumbani alijua kwamba tunatafuta udongo, na kwamba tunautafuta mbio.

Ndipo papa alipopata kazi ya mbegu.

Kulikuwa na muzungu mumoja, mwembamba, wa kofia pana na kaptula, aliyekuwa akifanya utafiti wake kwa ruhusa ya biro ya Rumangabo, ofisi ya wanaotunza Parki ya wanyama. Alitaka kujua ni mimea gani inaota wapi, na mbegu zake zina ukubwa gani. Alitaka kujua kwa nini kwenye mawe mapya unakuta mimea hii, na msituni unakuta ile, na kama ukubwa wa mbegu ndio unaoamua. Papa alijua kusoma na kuandika kwa sababu aliwahi kuwa katekista, basi akachukuliwa. Kazi yake ilikuwa kutembea mahali patatu, kuokota mbegu za kila mumea, kuzitia katika mufuko wa karatasi, kuandika juu yake, na kufunga kwa uzi. Uzi mweusi ulikuwa wa mawe mapya, kule ambako bado ni kweusi tupu. Uzi mwekundu ulikuwa wa mawe ya zamani kidogo, yenye vichaka. Uzi wa kijani ulikuwa wa msitu mukubwa.

Mama aliona ni mambo ya ajabu. "Dunia imekwisha," alisema. "Mutu mukubwa, katekista mzima, analipwa kuokota magugu!"

Papa alimujibu kwa kucheka tu. Lakini jioni moja aliporudi kutoka Rumangabo alifungua leso yake juu ya meza, na ndani mulikuwa na konzi ya udongo mweusi. Alituambia kwamba muzungu ataondoka kwenda Ulaya baada ya masika, na kwamba akipata mifuko yake yote, imekamilika, atamwandikia papa barua ya kumwombea kazi ya kudumu. Kazi hiyo ilikuwa na nyumba ya matofali. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba dogo, na udongo ule ulitoka hapo. Mama aliunusa. Kisha, nilimuona kwa macho yangu, alitia kidogo ulimini.

"Huu ndio," alisema.

Kuanzia siku ile hakutania tena juu ya magugu. Yeye ndiye aliyesema mifuko ikae kwetu, kwenye dari ya jiko, kwa sababu moshi unafukuza wadudu na unyevu. Muzungu alifurahi sana kwa shauri lile, kwa vile kwenye hema yake panya na ukungu walikuwa wanamushinda. Mwaka karibu muzima, mifuko ilipanda darini muda kwa muda, imepangwa kwa rangi za nyuzi zake.

Siku moja papa aliniita kwenye kibaraza. Alikuwa amekata tunda kavu la ua moja linaloota juu ya mawe, tunda dogo la kahawia, na aliazimwa na muzungu kioo chake cha kukuza vitu. "Usipumue kwa nguvu," aliniambia. Alilifungua tunda, ikatoka unga. Mimi niliona unga tu. Alipoweka kioo juu yake nikaona kwamba kila chembe ina umbo lake, ina kama ngozi nyembamba pande zote, na katikati kitone.

"Hizi zote ni mbegu," papa alisema. "Si uchafu."

"Papa, unanidanganya."

"Nakudanganya nini? Tazama mwenyewe."

Nilitazama. Niliamini na sikuamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kama ningekuwa sikuonyeshwa, ningekuwa sina deni na mutu.

Siku moja kabla ya muzungu kuja kuchukua mifuko, papa alienda Kibati kumungoja, ili kesho yake asubuhi waje pamoja na gari. Mama alipiga deki nyumba, akapaka kuta udongo mweupe, akaniambia nipande darini nishushe mifuko, tuipanguse masizi. "Mugeni asichafue mikono yake," alisema. Mpaka hapo hakuna ubaya. Nilishusha. Tukapangusa. Kisha mama akafungua mufuko mumoja wa uzi mweusi, kuona tu.

"Yesu wangu!" alisema. "Baba wa watoto anataka kuniaibisha?"

Ndani ya mufuko mulikuwa na vumbi, vipande vya majani, na maganda. Alifungua wa pili, mambo yale yale. Alifungua wa uzi wa kijani, akakuta mbegu za miti ya msituni, kubwa, ngumu, zinang'aa, akapumua. "Hizi ni mbegu," alisema. "Lakini hizi nyingine ameokota na ufagio!"

Mama alikuwa anafikiri nini, nataka ieleweke. Aliona mugeni wa heshima anasafiri kwenda kwao, mbali kabisa, amebeba mbegu kutoka nyumba yetu. Huko atazimimina mbele ya mama yake, mbele ya wakubwa wake. Nao watauliza, mbegu hizi zimetoka kwa mwanamuke gani? Na barua ya udongo ilikuwa ndani ya mukono wa muzungu huyo. Mwanamuke yeyote wa kwetu angechukua lungo. Asiyechukua ndiye angeshangaza.

Saa tisa upepo wa kutoka ziwani ulianza kupanda, upepo muzuri wa kupepeta. Mama alisimama juu ya jiwe nyuma ya jiko, lungo mikononi, na mimi nikawa namupa mufuko mumoja mumoja. Alimimina, akarusha, akapokea, akarusha. Vumbi liliondoka juu ya mawe kuelekea mulimani. Mbegu nzito ziliruka zikarudi. Nyepesi hazikurudi. Alipomaliza mufuko alirudisha kilichobaki, akafunga uzi wake sawasawa na mwanzo. Mifuko ya kijani ilibaki jinsi ilivyokuwa. Myekundu ilipungua. Myeusi mingi ilibaki na vijiti viwili vitatu, na mingine haikubaki na kitu kabisa, mama akaikunja vizuri akaifunga hivyo hivyo.

Kwenye mufuko wa tatu nilikumbuka kioo. Nilifungua kinywa. Nilisema, "Mama..."

Na mama alikuwa anaimba. Tangu tutoke Masisi sikuwa nimesikia sauti yake ikiimba, hata kanisani alikuwa anachezesha midomo tu. Alikuwa anaimba wimbo wa kupepeta mutama, anazungusha kiuno, uso umekuwa mweupe kwa vumbi. Nikafunga kinywa. Nikampa mufuko wa nne. Nilijiambia, labda papa alinitania. Nilijiambia, mama anajua mbegu kuliko sisi wote. Mutu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Kesho yake walifika saa mbili. Mama aliwapokea amevaa kitambaa chake cha jumapili. Papa alipanda mwenyewe darini, akashusha mifuko, akaipanga mezani, muzungu amekaa na kaye yake ya kuandikia na kreyo. Papa akainua mufuko wa kwanza wenye uzi mweusi. Nilimuona anaupima uzito. Akaufungua, akatazama ndani, akaufunga. Akafungua wa pili. Akageuka akamutazama mama.

"Nimezisafisha," mama alisema kwa furaha. "Zote. Mwambie."

Papa alikaa chini juu ya kiti, mikono juu ya magoti. Muzungu akainuka, akafungua mwenyewe, mumoja, miwili, mitano, kumi. Kisha papa akasimama akasema kwa Kifaransa, na maneno yale machache niliyaelewa: "Ni miye, bwana. Nilifikiri ni uchafu."

Mama hakujua Kifaransa. Lakini mutu hahitaji Kifaransa kuona bwana yake anainamisha kichwa kwa kosa ambalo si lake. Aliuliza, "Umemwambia nini?" Kisha mama akaniuliza mimi. Nikamwambia. Nikamweleza na habari ya vumbi, kwamba vumbi ndilo lilikuwa mbegu, nikasema papa alisema hivyo, sikusema kwamba niliona.

"Yoo!" Mama alishika kichwa. "Yoo, maharagi yangu!"

Hakusema kazi ya papa, wala mifuko ya muzungu. Alisema maharagi yangu, na papa na mimi tulijua mara moja ameona nini. Alikuwa ameona udongo wa Rumangabo ukipeperuka na vumbi lile. Alitoka nje, akarudi na lungo, akasimama mbele ya muzungu.

"Si yeye. Ni miye. Ni hii," akagonga lungo kwa kidole.

Papa alitafsiri kwa shida. Nilingoja muzungu apige kelele, maana wale tuliowajua walipiga kelele kwa mambo madogo zaidi. Huyu alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikio. Alizunguka meza mara mbili. Kisha akasema kitu, papa akamuuliza tena, haamini.

"Anasema umuonyeshe," papa alimwambia mama. "Ulivyofanya. Umuonyeshe."

Mama alichukua kidogo cha mufuko mwekundu, akatoka kwenye jiwe lake, akarusha mara tatu. Asubuhi upepo ni mudogo, lakini ulitosha. Muzungu alisimama upande, anafuata vumbi kwa macho mpaka likapotea juu ya mawe. Kisha akakaa chini, juu ya jiwe, na kaptula yake nyeupe. Akaomba haragi. Mama alisita, akaenda akaleta moja kutoka kibuyu. Muzungu akaliweka kwenye kiganja kimoja, na chembe zilizobaki kwenye lungo akazitia kwenye kiganja cha pili, akaanza kueleza, papa akitafsiri pole pole.

Alisema, hii kubwa mama yake ameifungia chakula. Ndiyo maana inaweza kuota penye kivuli, msituni, chini ya majani, ikangoja kupata jua. Lakini kwa sababu ya muzigo wake haifiki mbali. Inaanguka pale pale karibu na mama yake, labda munyama aibebe. Hii ndogo haikupewa kitu. Inaenda popote upepo unapokwenda, na karibu zote zinakufa. Lakini mahali papya, penye mawe matupu, ni hizi tu zinazofika, na ni hizi tu zinazoingia kwenye ufa mudogo. Zinaota, zinakufa, zinaoza, na kuoza kwao ndiko kunakuwa udongo. Zile kubwa zinakuja nyuma, udongo ukiisha kuwepo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza neno moja. "Mpaka maharagi yaote hapa, ni muda gani?"

Muzungu alitazama mawe, akatazama mulima, akasema kitu kifupi. Papa alisema, "Watoto wa watoto wa watoto wetu."

"Basi tumefika mapema," mama alisema.

Papa alitafsiri na hilo. Muzungu akavua kofia yake. Sijui kwa nini aliivua, labda ni joto, lakini mimi nilimupenda kwa kofia ile, na sikuwa nampenda muzungu hata mumoja wakati ule.

Zilibaki wiki tano mpaka safari yake. Siku iliyofuata mama alifunga kitambaa kiunoni akamwambia papa, "Twende. Nionyeshe magugu yako." Nikaenda nao. Tulitembea juu ya mawe yale kuanzia jua likichomoza, tukainama kwenye kila ufa. Papa alishangaa. Mikono yake ilikuwa inavunja matunda makavu na kumwaga nusu. Mama, aliyechagua maharagi maisha yake yote, vidole vyake vilishika tunda pasipo kulitikisa, likaingia mufukoni zima. Alijua kutambua lililokomaa kwa sauti tu, analitikisa karibu na sikio. Siku ya nne alikuwa anatufokea sisi. "Pole pole! Unamwaga watoto wa watu!"

Lakini wiki tano si mwaka. Mimea mingine ilikuwa imeisha kuzaa, matunda yake wazi na matupu. Tuliiona imesimama pale kwenye mawe, tunaijua kwa jina ambalo papa aliipa, na hakuna cha kuchukua. Mifuko kama ishirini ya uzi mweusi ilirudi bila kitu. Muzungu aliandika juu ya kila mumoja kwamba ni mutupu, akapakia yote kwenye sanduku, akatushika mikono kutuaga, akaenda. Barua aliandika. Alikuwa mutu wa kweli, na aliandika kweli: kwamba papa ni mwaminifu, ana akili, na kwamba kazi haikukamilika. Rumangabo wakamuchukua mwingine. Papa akaenda kuvunja mawe ya barabara.

Nilikuwa na hasira mwezi muzima. Hasira na muzungu kwa kuandika kweli, hasira na papa kwa kutomulaumu mama. Hasira na mama sikuthubutu kuwa nayo, kwa sababu ningeigusa tu ingegeuka kuniangalia mimi. Mama alifunga maharagi kumi na mawili katika kitambaa. Yaliota matano. Aliyatazama, akayapeleka kwenye sufuria, akapika pamoja na ndizi, tukala.

Asubuhi iliyofuata alichukua kikapu akaondoka peke yake. Alirudi muchana, kikapu kina kitu chini kabisa, kama vikombe viwili. Kilikuwa udongo. Mweusi, mwepesi, una nyuzi za mizizi.

"Wapi?" nilimuuliza.

"Chini ya magugu ya papa yako."

Wakati tulipokuwa tunaokota, mimi niliangalia matunda. Mama alikuwa anaangalia na miguu ya mimea. Kwenye mawe ya uzi mwekundu, ndani ya nyufa, chini ya mimea yenye mbegu za vumbi, alikuta konzi moja hapa, nusu konzi pale. Hakumaliza ufa hata mumoja. Alichukua kidogo, akaacha mumea umesimama, akapita mwingine. Na hivyo ndivyo alivyofanya kila siku isipokuwa jumapili, musimu wa kiangazi wote, na mimi pamoja naye, na papa akitoka kazini anapitia njia ndefu na kopo lake. Majirani walituona tumepata wazimu. "Mama huyo anafagia volkano," walisema. Nyuma ya jiko, kwenye shimo la mawe, udongo ulifika kwenye kifundo cha mguu. Mvua ilipoanza ulikuwa umefika katikati ya muundi, mahali pa upana wa mikeka miwili.

Mama alifungua kibuyu akakimimina chote. Hakubakiza kitu cha kujaribu musimu mwingine. Yaliyokuwa hai yaliota tisa. Tisa tu, kutoka yale yaliyobaki chini ya kibuyu! Yalipofika urefu ambao yale ya kwanza yalianza kuwa manjano, mama aliacha kula vizuri. Alikuwa anaamka, anaenda kuyatazama kabla ya kuomba. Majani yalibaki kijani. Yakapanda vijiti, yakatoa maua, yakazaa. Tulivuna yakajaa sahani moja. Hatukula hata haragi moja, na mwaka uliofuata sahani ile ikajaza kikapu.

Niliolewa mwaka huo, kwa watu wa upande wa Rutshuru, wenye udongo mpaka unaona wivu. Siku ya kunitoa, mama aliniletea kibuyu changu. Desturi ni kwamba mashangazi wa bwana wanamimina mbegu zake kwenye lungo mbele ya watu wote, waone bibi harusi ametoka kwa mwanamuke wa namna gani. Waliketi kwenye mikeka, wamevaa vizuri, wanangoja. Shangazi mukubwa akamimina.

Yalitoka maharagi makubwa yenye madoa mekundu, na pamoja nayo vumbi, maganda, majani makavu. Vumbi likapanda mpaka kwenye kitambaa chake cha kichwa. Mutu mumoja nyuma akaguna. "Yoo," shangazi alisema, anakung'uta magoti yake. "Mama wa musichana hana lungo?"

"Lungo niko nalo," mama alijibu. "Sikupepeta."

Hakueleza zaidi. Papa aliinamisha uso, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, sijui kwa kucheka au kwa kulia. Mimi nililia wazi wazi, rangi yote ya uso ikaniharibikia, na watu wakafikiri ni kwa aibu.

Alipokuja kuniaga, niliona sitapata nafasi nyingine. Nilimushika mukono nikamwambia sikioni, "Mama, ile siku ya mifuko, mimi nilijua. Papa alinionyesha kwa kioo. Nilijua na nikanyamaza."

Hakushituka. Alinipangusa uso kwa ncha ya kitambaa chake.

"Najua," alisema. "Niliona unafungua kinywa. Ndiyo maana niliimba kwa nguvu, nisikusikie."